Tupeane uzoefu: kupima mate ya wanafunzi shuleni kila wiki

Mwalimu wa Malindi

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Katika kikao cha wazazi cha muhula huu, mzazi mmoja alipendekeza kwamba ukizuka tena ugonjwa wa kuambukiza mfano wa korona, shule zisifungwe, bali watoto wapimwe mate kila wiki, hata wasio na dalili, na atakayepatikana na virusi abaki nyumbani mpaka apone. Wengine walicheka, wengine walikasirika, na tukaondoka bila uamuzi. Naomba aliyewahi kupimwa hivyo, au aliyekuwa na mtoto aliyepimwa, atueleze yaliyomkuta mwenyewe, si aliyoyasikia.

Nianze na yetu. Shule za Kenya zilitangazwa kufungwa tarehe 15 Machi 2020; gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne wakarudi tarehe 12 Oktoba, na waliobaki tarehe 4 Januari 2021. Langoni tuliwekewa ndoo ya maji yenye mfereji, sabuni, na kipimajoto cha kuelekezwa kwenye paji la uso. Mtoto aliyetembea juani kutoka Ganda kifaa kilimhesabu kuwa ana homa, kwa hiyo tulimkalisha kwanza chini ya mwarobaini, kisha tukampima upya. Mwenye virusi asiye na homa alipita akitusalimia. Kwa sababu hiyo siwezi kulicheka pendekezo la mzazi yule.

Mama wa wawili, Köln

Waalaykum salaam, mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Barani, na watoto wangu walikuwa shule ya msingi mjini Köln, Ujerumani. Jimbo letu la Nordrhein-Westfalen lilianza kupima shule za msingi kwa njia ya mate mwezi Mei 2021, mara mbili kwa wiki. Kipimo kiliitwa Lolli-Test: mtoto hunyonya kijiti cha pamba kwa sekunde 30, na vijiti vya darasa zima hutiwa katika kichupa kimoja na kupelekwa maabara. Hakuna kuchokorwa pua, na wanangu hawakulia hata siku moja. Mama yangu, nilipomsimulia kwa simu, aliuliza wamelambishwa nini, na ilinichukua muda kumwelewesha kwamba kijiti hakina dawa, ni pamba tupu.

Uzito ulianza jioni. Kichupa cha darasa kikionekana na virusi, darasa zima lilibaki nyumbani, na kila mtoto alipimwa peke yake ili ajulikane ni yupi. Ujumbe uliweza kufika usiku au alfajiri, nami nikalazimika kumpigia msimamizi wangu kazini kabla jua halijachomoza kumwambia siendi. Mwajiri alinivumilia, lakini wenzangu walionilindia zamu walichoka nami. Halafu kuna jambo ambalo hakuna karatasi iliyolieleza: darasa likirudi, watoto hutazama ni nani hayupo. Mwalimu hakutaja jina la mtu, wala haikuwa lazima.

Mwanzoni mwa 2022 ilipoenea Omicron, aina mpya ya korona, vichupa vingi mno vilikuwa na virusi, maabara zikazidiwa, na utaratibu uliokuwa ukienda vizuri ukavurugika.

Fundi wa maabara

Dada wa Köln amegusa jambo ninalotaka kulifafanua, kwa kuwa ni kazi yangu. Kuchanganya sampuli ni hesabu ya tangu 1943, iliyobuniwa na Robert Dorfman nchini Marekani kwa ajili ya kupima kaswende kwa wanajeshi. Tuseme mtoto mmoja kati ya 100 ana virusi, nawe unawachanganya kumi kumi. Utahitaji kwa wastani vipimo takriban 20 badala ya 100, kwa sababu makundi mengi yatatoka safi na hutayarudia. Lakini wakiwa 30 kati ya 100, karibu kila kundi litakuwa na mgonjwa, utarudia karibu wote, na idadi ya vipimo itapita ile ya kumpima kila mtu peke yake. Kwa hiyo njia hii ina faida maradhi yakiwa machache. Pia tusidhani kwamba darasa letu la watoto 60 litaingia katika kichupa kimoja. Mate ya mgonjwa mmoja yatazimuliwa mno, na virusi vichache havitaonekana.

Kuhusu pua na mate: virusi vya korona hupatikana mdomoni pia, na kipimo cha PCR, kile cha maabara kinachotafuta vinasaba vya virusi, huvitambua. Chuo Kikuu cha Yale kilipata idhini ya dharura ya kipimo chake cha mate Agosti 2020. Huku kwetu, sampuli za kaunti za pwani zilipimwa Kilifi, katika maabara ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na shirika la Wellcome, na nyingi zilikuwa za pua na koo, ambazo humtaka mhudumu aliyefunzwa na kujikinga mwili mzima.

Wala kupima wasioumwa si jambo geni katika kaunti hii. Kati ya 2009 na 2010, watafiti wa Kilifi walichukua sampuli za pua mara mbili kwa wiki katika kaya kadhaa, awe mtu anakohoa au hakohoi, wakifuatilia virusi vya RSV vinavyowabana watoto wachanga kifua. Walibaini kwamba mara nyingi aliyeviingiza nyumbani ni kaka au dada anayekwenda shule.

Bodaboda wa Muyeye

Ndugu fundi, hesabu yako nimeielewa, nami naiheshimu. Yangu ni mafupi. Mke wangu alipimwa mwaka 2020, kwa njia ya pua, katika kituo ambacho sitakitaja. Tuliambiwa tusitoke mpaka matokeo yaje. Pikipiki ikalala, abiria wangu wakamzoea mwingine, na majirani wakaacha kuteka maji wakituona bombani. Matokeo yalikuja tulipokwisha kuacha kuyangoja, na hakuwa na virusi. Mkitaka mate ya mwanangu nitawapa, lakini nielezeni kwanza atakayetuletea unga siku ambazo nimefungiwa.

Mwanafunzi wa zamani, Illinois

Nilisoma katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, ambako kuanzia Agosti 2020 tulitakiwa kutoa mate mara mbili kwa wiki. Unainamisha kichwa na kuyaachia mate yatiririke ndani ya kichupa mpaka yafike alama, povu halihesabiwi. Maabara ilikipasha kichupa moto wa nyuzi 95 kwa nusu saa ili kuviua virusi, kisha ikapima moja kwa moja. Asiyepimwa kwa wakati hakuruhusiwa kuingia majengo ya chuo.

Pamoja na hayo yote, wiki za mwanzo maambukizi yalipanda ghafla, kwa kuwa baadhi ya wanafunzi waliojua kwamba wana virusi waliendelea kuhudhuria sherehe. Kipimo kilifanya kazi yake barabara. Watu ndio hawakujitenga.

Kwa sisi Waislamu, Ramadhani ya 2021 ilikuwa na shida yake. Kutema mate hakufunguzi, hilo linajulikana, lakini mdomo wa mfungaji hukauka, na kukijaza kichupa alasiri ni kazi ya subira. Nilihamishia miadi yangu asubuhi mapema. Shule za Malindi zikifikia hatua hiyo, ratiba ya mwezi mtukufu ifikiriwe mapema.

Bibi wa Mambrui

Wanangu, nimewasoma. Mkiyachukua mate ya mtoto bila kueleza yanakokwenda, mtasikia maneno. Mate ya mtu hayaachwi ovyo mikononi mwa asiyemjua, tumekuzwa hivyo, na kumcheka anayeogopa hakutamtoa hofu. Waiteni wazazi, muwaonyeshe kichupa, muwaambie kinabaki siku ngapi na kinateketezwa wapi. Walimu wa madrasa pia waambiwe. Watoto ni walewale, asubuhi shuleni, jioni chuoni.

Mwalimu wa Malindi

Shukrani, bibi, la madrasa hatukuwa tumeliwaza kabisa. Kikao kijacho nitatanguliza swali la ndugu wa Muyeye, kwa sababu naona waliosimulia kupimwa, wa Köln na wa Illinois pia, shida yao kubwa ilikuja baada ya kupimwa kuliko wakati wa kupimwa kwenyewe. Mtoto akirudishwa nyumbani siku kumi, chakula cha mchana alichokuwa akikipata shuleni kitamfuata vipi, nami nitamfundisha vipi asiye na simu? Nawauliza pia wenzetu wa Lamu: kwenu mngesafirishaje sampuli?

Mwenyeji wa Faza

Huku kila kitu hupanda mashua kwanza, mwalimu. Mimi naona barafu ya kuhifadhia sampuli njiani ndiyo kikwazo.

Fundi wa maabara

Kwa mate, barafu si lazima sana. Watafiti wa Yale walionyesha kwamba chembe za virusi vya korona ndani ya mate hubaki zikipimika kwa siku kadhaa bila baridi wala dawa ya kuhifadhia.

Mwenyeji wa Faza

Basi mate yatafika Kilifi salama. Lakini bahari ikichafuka wakati wa kusi, kichupa kinangoja gatini pamoja na abiria, na siku jibu litakaporudi, mtoto atakuwa amekaa dawati moja na wenzake wiki nzima. Sisi tungetaka kipimo kinachotoa jibu hapa hapa kisiwani, hata kama uwezo wake wa kuviona virusi ni mdogo kuliko wa PCR.