Bwawa la Mufindi linachachuka, la shemeji Songwe halichachuki. Kwa nini?

Mfugaji wa Mufindi:
Kamwene wadau. Nina bwawa la perege bondeni, mipaina iko juu yake. Karatasi ya kupimia inatoka manjano iliyokolea, pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unapanda) kama 5.5. Perege wamedumaa, na mvua kubwa zikianza wengine wanaelea. Shemeji yangu Songwe anapata 8 mwaka mzima na chokaa hajawahi kununua! Watu wanasema ni mvua yenye asidi ya moshi wa viwandani. Kweli?

Mwalimu Tukuyu:
Viwanda waache kwanza. Mvua safi kabisa ina pH ya 5.6 hivi, maana inayeyusha kabonidioksidi ya hewani. Wewe na shemeji mnanyeshewa maji yaleyale. Angalia yanapita wapi kabla ya kufika bwawani. Songwe kuna mawe ya chokaa, hayo hayo yanayotumika kutengeneza saruji. Maji yakipenya humo yanatoka na bikaboneti, nayo inameza asidi. Kwako ni miamba migumu ya kale na udongo ulioishiwa kalisi (madini yaliyomo kwenye chokaa) kwa kuoshwa na mvua. Unadhani chai inaipendea nini Mufindi, kama si udongo mchachu?

Norwei na Sweden mvua ya asidi ilikuwepo kweli, moshi ukitokea mbali kama Uingereza. Hata hivyo maziwa yaliyokufa samaki ni yale ya kwenye granaiti (mwamba mgumu usio na chokaa) yenye udongo mwembamba. Penye mawe ya chokaa walisalimika. Asidi huchomoa alumini udongoni, ikaharibu matamvua ya samaki.

Mvua kubwa ikipiga, maji yanateremka juujuu bila kukaa udongoni asidi ikapungua. Ndipo wako wanaelea.

Binti Njombe:
Na mipaina? Baba anasema ndiyo mchawi.

Mwalimu Tukuyu:
Inachangia. Inanyonya kalisi, majani yake yakioza yanatoa asidi, na magogo yakivunwa kalisi inapanda lori. Ila udongo wa huko ulikuwa mchachu kabla ya mpaina wa kwanza, mwambie mzee.

Mfugaji wa Mufindi:
Basi nimwage chokaa?

Mwalimu Tukuyu:
Chokaa ya kilimo, siyo ya moto, hiyo itaua samaki. Lakini kama bonde zima linamwagia bwawa dogo, maji yanapita haraka na chokaa yako inaondoka nayo. Chimba kwanza mfereji wa kuchepusha maji ya mvua, acha chemchemi tu iingie.