Naomba ushauri: breki za Skyline R32 kwenye Silvia S13

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Nipo Mbeya, naendesha Nissan Silvia S13 ya 1991. Mwezi uliopita nikielekea Dar, nikiwa nashuka mteremko wa Kitonga, breki zilipata moto mpaka pedeli ikaanza kuzama, na mbele yangu kuna lori la mafuta. Niliogopa sana.

Nimebadilisha pedi, nikamwaga mafuta ya breki yote na kuweka DOT 4 mpya. Afadhali kidogo, lakini bado siiamini.

Sasa nimepata kalipa (zile zinazobana pedi kwenye diski) za mbele za Nissan Skyline R32 GTS-t, zile za pistoni nne, pamoja na diski zake za milimita 280. Kalipa zimekaa bila kuchonga kitu. Shida ni diski: zina matundu matano, habu zangu (pale gurudumu linapofungwa) zina stadi, yaani bolti za gurudumu, nne. Fundi anataka kuzitoboa upya. Mimi nasita, naona bora nitafute habu za stadi tano, ingawa hapo na rimu zote itabidi nibadilishe.

Aliyewahi kufanya hivi, naomba anisaidie: diski iliyotobolewa upya inahimili miteremko kama ile? Na masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedeli) ya zamani itazitosha pistoni nne, au pedeli itashuka sana? Nyuma sijagusa kitu.