Nimeitwa kwa mahojiano Kisumu: hii kazi ya "utetezi wa kimataifa" wa haki za LGBT ni kazi gani hasa?

JaYimbo ameuliza:

Hamjambo wana jukwaa. Alhamisi ijayo nina mahojiano na shirika moja hapa Kisumu. Ofisi yao iko ndani ndani huko Milimani, geti halina hata kibao. Wanatafuta mtu wa kuweka kumbukumbu za visa vya watu wa LGBT (mashoga, wasagaji na waliobadili jinsia) wanaodhulumiwa huku Nyanza na Magharibi, na kwenye tangazo wameandika kwamba atakayepata kazi "atachangia utetezi wa kimataifa". Mimi nilisomea sosholojia, na tangu nimalize namsaidia shangazi kuuza omena Kibuye. Kazi naitaka, sifichi.

Ila sielewi. Mtu aliyekaa Kisumu anachangia nini kwenye mambo ya Umoja wa Mataifa huko Geneva? Au hayo ni maneno ya kumpendeza mfadhili? Halafu kuna mzee wangu. Ni mzee wa kanisa huko nyumbani na ataniuliza ninafanya nini. Sitaki kumdanganya, na sitaki aanze kunyooshewa vidole kanisani kwa sababu yangu. Anayeijua kazi hii kwa ndani anisaidie. Matusi tuyaweke kando tafadhali.

Kijana_wa_Awendo:

Kazi ni kupanda ndege, kaka. Namjua mmoja alianza na mafaili, sasa pasipoti yake imejaa kuliko daftari la madeni la duka la mtaani. Nenda, usiulize maswali mengi.

MinAtieno:

JaYimbo nyathina, huyo wa ndege mwache. Hiyo kazi nimeifanya, Kisumu na Siaya, kabla sijaingia kuwa karani kwa wakili. Nina mume, nina watoto, na Jumapili niko kwaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu ndilo watu hutaka kulijua kwanza, na lisipojibiwa hawasikii lingine.

Kazi yenyewe ni kuandika. Utapigiwa simu usiku: kijana ametolewa nyumbani Nyalenda, mlango umeng'olewa, godoro liko nje kwenye matope. Kwanza ujue kama ameumia na atalala wapi. Hayo yakishapangwa, unaketi naye na unamwacha aseme yote mpaka ayamalize, kalamu ikiwa mfukoni. Kisha mnarudi mwanzo pamoja, sasa unaandika. Ilikuwa saa ngapi? Nani walikuwepo? Mwenye nyumba alitamka nini? Usiniandikie "alitukanwa". Andika lile tusi lenyewe, kwa Kijaluo chake. Halafu muulize kodi. Alikuwa amelipa mpaka mwezi gani, na ujumbe wa M-Pesa bado anao? Watu wengi hawaufikirii ujumbe huo, lakini kesho mwenye nyumba atasema alimtoa kwa deni, na huo ujumbe ndio utakaomkana.

Mkienda polisi, omba namba ya OB, yaani ya daftari lao la matukio. Wakikataa kuandika, wewe andika kwamba wamekataa, saa ngapi, na askari alivyojibu. Kukataa kwao nako ni ushahidi. Kama ameumia, fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha, ijazwe mapema kabla alama hazijapoa. Fomu ni ya bure, na mkiambiwa mtoe pesa, hilo nalo liingie kwenye taarifa. Mwisho unamsomea yote polepole, unamuuliza ni yapi anakubali yatoke nje na yapi yabaki kabatini. Akisema hataki litoke hata moja, basi. Kuna watu huona hapo wamepoteza muda. Mimi naona hao hawafai kazi hii.

Sasa Geneva. Kila baada ya miaka minne au mitano, kila nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa hukaguliwa rekodi yake ya haki mbele ya nchi nyingine. Wenyewe huita UPR. Kenya ilikaguliwa 2010, 2015, 2020 na 2025. Mashirika ya hapa nyumbani huruhusiwa kupeleka ripoti yao, lakini maneno yanahesabiwa: 2,815 kwa shirika moja, 5,630 kwa mashirika yaliyoungana. Hapo ndipo Kisumu, Kakamega, Busia, Nakuru na Mombasa wanapogombania nafasi kwenye karatasi moja. Kisa chako cha godoro kitabaki nusu sentensi, na hiyo nusu yenyewe utaipigania kwenye mkutano. Lakini afisa wa ubalozi akiuliza mna uhakika gani, kuna faili ya kufungua. Nchi yake ikishika neno, italisimamisha mbele ya ujumbe wa Kenya, na Kenya lazima ijibu kwa maandishi. Mwaka 2010 ilijibu kwamba haikubali kuondoa sheria inayoadhibu mapenzi ya jinsia moja. Jibu baya, lakini liko kwenye rekodi na linarudiwa kuulizwa kila awamu.

Wale wakubwa unaowasikia wanakula kwenye karatasi hizo hizo. ILGA, shirika la kimataifa la kutetea haki hizi, ilianzishwa Uingereza, mji wa Coventry, mwaka 1978. Ilipata nafasi ya kusikilizwa Umoja wa Mataifa 1993, ikanyang'anywa 1994, ikairudisha 2011. Hebu fikiria, miaka 17 wanasukuma mlango mmoja! Mwaka 2016 Baraza la Haki za Binadamu liliweka Mtaalamu Huru wa kuchunguza ukatili na ubaguzi wa namna hii. Kura zilikuwa 23 kwa 18, na sita hawakuegemea upande. Aliyeko sasa ni Graeme Reid, mtu wa Afrika Kusini. Hakuna kati yao anayeishi Nyalenda. Wanajua tunachowaandikia.

Usidhani ni Geneva tu. Mwaka 2014 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilikaa Luanda, Angola, ikapitisha Azimio la 275 la kulaani mashambulizi dhidi ya watu kwa sababu ya mwelekeo wao wa kimapenzi au utambulisho wao wa kijinsia. Kwenye ofisi za serikali hapa kwetu mimi hutanguliza hilo. Ukitaja Geneva, mtu anaegemea kiti nyuma. Ukitaja Luanda, angalau anaomba nakala.

Na Katiba yetu, kifungu cha 2(6), inasema mkataba ambao Kenya imeuridhia ni sehemu ya sheria za Kenya. Kwa hiyo makaratasi ya nje hurudi yakaingia mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani kule Mombasa ilisema kumpima mwanamume kwa nguvu sehemu za siri ili kuthibitisha ushoga ni kinyume cha Katiba. Februari 2023 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji watatu kwa wawili, kwamba serikali ilikosea kukataa kusajili shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji. Magazeti yalipiga kelele kwa hii ya pili. Kwangu ile ya 2018 ndiyo kubwa, maana iligusa mwili wa mtu aliye ndani ya selo, asiye na wakili.

Tumeshindwa pia. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu iliviacha vilivyo vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, ambavyo ndivyo hiyo sheria ya kuadhibu mapenzi ya jinsia moja. Miongoni mwa walioshtaki lilikuwa shirika mwavuli la NYARWEK, la hapa hapa Kisumu. Kwa hiyo ukiambiwa mambo haya ni ya Nairobi, ujue si kweli.

Mkulima_Njoro:

Mama, umeandika vizuri lakini nakataa. Hii ni ajenda ya wazungu na inalipwa na wazungu. Trump alipofunga mfereji wa misaada Januari 2025, si mliona wenyewe? Watu walifunga ofisi wakarudi kulima kama sisi. Kitu chenye mizizi hapa hakiwezi kukauka kwa saini ya mtu mmoja Washington.

MinAtieno:

Mkulima, kwenye pesa sikupingi. Zilipokatika, wahudumu waliokuwa wakifuatilia wagonjwa wa VVU mitaani walisimamishwa, si wa LGBT peke yao, na mkwe wangu anayechukua dawa alirudishwa nyumbani na tarehe nyingine. Ukitegemea mfuko mmoja utalala njaa, na mashirika yetu yalijua hilo wakati wakikodi magari makubwa.

Lakini kwenye ajenda ya wazungu twende polepole. Hicho kifungu cha 162, cha "kinyume na maumbile" na miaka 14 jela, nani alikileta? Kiko kwenye Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930, na mwaka huo huku kwetu alitawala Mwingereza. Aliitoa kwenye sheria zake, akatuachia. Kwao Uingereza na Wales walianza kuilegeza 1967. India, waliopewa sheria ya ukoo huo huo, mahakama yao ilikata makali yake Septemba 2018. Botswana 2019. Sisi ndio tumebaki tukiilinda kama mali ya babu.

Mtu_wa_Section58:

Na wewe Mkulima uko Njoro, hapo tu. Mwandishi Binyavanga Wainaina alizaliwa Nakuru hii hii, 1971. Alijitangaza hadharani kuwa shoga Januari 2014 bila kutumwa na ubalozi wowote, wakati Nigeria na jirani zetu Uganda wakipitisha sheria kali. Alifariki Mei 21, 2019, siku tatu tu kabla ya hiyo hukumu aliyoitaja mama. Mzungu gani alimzaa?

Mkulima_Njoro:

Sikusema hawapo. Nimesema wasilipwe kuwepo.

Mtu_wa_Section58:

Sawa, hapo umenichekesha. Lakini anayelipwa ni karani, si shoga.

Sofia_Busia:

Mimi niko mpakani, nijazie upande ambao hamjaugusa. Tangu Museveni wa Uganda aweke saini ile sheria dhidi ya ushoga Mei 2023, yenye kifungo cha maisha na hata hukumu ya kifo kwa baadhi ya makosa, kuna wanaovuka kuja huku na begi moja. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliondoa vipengele vichache, kikiwemo kile cha kumlazimisha jirani kuripoti, na mengine yote ikayaacha.

JaYimbo, mtu kama huyo akikaa mbele yako, usiandike jina lake kwenye taarifa. Mpe namba. Jina na namba viandikwe kwenye daftari jingine, likae kabati jingine, funguo kwa mtu mwingine. Kamwe usimpige picha ya uso hata akikubali, kwa sababu leo amekubali akiwa na hofu. Na usiandike taarifa ya mtu kwenye WhatsApp ya simu yako. Simu huibwa stendi kila siku, na anayeiiba hajali haki za binadamu. Ukijaribiwa kutaja mtaa, taja kaunti tu. Mtaani kwetu ukisema "fundi cherehani mwanamume karibu na msikiti" umeshamtaja.

JaYimbo:

Asanteni sana. Mama MinAtieno, nimeisoma hiyo ya M-Pesa mara mbili. Sofia, sikuwa nimefikiria kabisa habari ya simu. Bado swali la mzee. Wewe nyumbani ulisemaje?

MinAtieno:

Baba mkwe wangu aliniuliza siku ya mazishi, mbele ya watu, maana huko kwetu maswali magumu husubiri matanga. Nilimwambia naandika taarifa za watu waliopigwa na kufukuzwa majumbani. Akauliza watu gani. Nikamjibu, sikuzunguka. Alinyamaza mpaka chai ikaisha, kisha akauliza kama mshahara unakuja kwa wakati. Nilimwambia unachelewa. Hilo ndilo lililomkasirisha.

Mzee wako hatafanana na wangu, lakini usimpelekee vifupisho vya herufi na maneno ya semina. Mpelekee kisa kimoja bila jina. Mwambie kuna kijana mlango wake uling'olewa na kodi alikuwa amelipa. Mzee wa kanisa ameshasuluhisha kesi za nyumba na mashamba maisha yake yote, ataelewa dhuluma iko wapi hata kama mengine hakubaliani nayo. Na kama hayuko tayari, huna lazima ya kumwambia wiki hii. Kazi bado hujaipata.

Kuhusu Alhamisi, huenda wakakupa mtu wa kuigiza kuwa mlalamikaji na wakakuambia uandike. Usikimbilie kalamu. Nao waulize: funguo za kabati anashika nani? Mlalamikaji akibadili mawazo baada ya ripoti kutumwa, mnafanya nini? Nikivamiwa nikiwa kazini, bima inalipa au najilipia? Na mkataba unaisha lini pesa za mfadhili zikikatika? Wakitazamana kwenye hilo la kwanza, rudi kwa shangazi ukauze omena mpaka tangazo jingine litoke.

JaYimbo:

Na nivae suti?

Sofia_Busia:

Shati safi latosha. Milimani kuna jua.