Mrejesho: Mama anayesahau na asiyelala usiku

Wakuu, nilileta hapa suala la mama yangu, miaka 71. Daktari alisema kumbukumbu imepungua kidogo, haijafikia ugonjwa wa usahaulifu, ila usiku halali na mchana anasinzia kikombe kikiwa mkononi. Asanteni sana mlionijibu.

Aliyesema nikague dawa zake alipiga penyewe. Kidonge cha mafua alichokuwa anameza ili apate usingizi kina difenihidramini, na hiyo huzuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huitegemea kwenye kumbukumbu. Daktari akamwachisha. Siku 3 za kwanza tulikesha wote, nikajuta kuwasikiliza! Wiki ya pili akawa anaamka na akili imetulia.

Na yule aliyeuliza kama anakoroma: ndiyo, tena sana. Nilikaa kando ya kitanda nikihesabu. Anakoroma, kimya, sekunde 20, halafu anashtuka akitweta. Kipimo cha usingizi kikathibitisha kuwa pumzi inakatika. Kapewa mashine ya hewa yenye barakoa, na hapa ndipo tumekwama: ikifika saa 8 usiku anaivua, asubuhi naikuta chini ya mto. Bado tunabembelezana.

Kukaa kwenye mwanga asubuhi na kulala mchana nusu saa tu vimesaidia. Vidonge vya melatonini, homoni ya usingizi, hatukuona tofauti.

Kumbukumbu yenyewe? Jambo alilokuwa akiuliza mara 5 sasa anauliza mara 2. Funguo bado anapoteza. Kipimo cha kumbukumbu kitarudiwa baada ya miezi 6, nitaleta majibu.