Hela ya kubuni mbinu mpya za kufundishia chuo inapatikanaje?

Mwl_Uyole: Wakuu habari, nafundisha chuo hapa Mbeya, darasa limejaa hadi mlangoni, nataka nirekodi video fupi fupi wakaziangalie geto ili kipindi kiwe cha kukokotoa maswali kwa vikundi, sasa vifaa na bando nani analipia?

Mkwawa_jr: Mkuu kama chuo chenu ni cha serikali ulizia mradi wa HEET, ule wa kuboresha elimu ya juu nchini kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa 2021, dola milioni 425. Watu wanaona majengo tu kumbe mitaala na mafunzo ya wahadhiri vimo.

Dada_Iringa: Usiombe kamera tu, omba na kupunguziwa vipindi, kuandaa video kunakula wikiendi zote aisee! Simu na kimaiki cha kubana shati vinatosha kuanzia.

Mwl_Uyole: Asanteni, naandika andiko leo leo.