Udi, makaa na alamu ya moshi

Assalaam alaykum jamaa wote,

Naandika kutoka Lamu, nyumbani kwa mama, Mkomani. Leicester, Uingereza, narudi mwisho wa mwezi, inshallah. Jana magharibi mama alitia udi chetezoni kama ada yake, moshi ukapanda hadi kwenye boriti, ukatokea zake kiwandani, yaani uani. Nikajikuta nimeinua macho natafuta alamu ya moshi, kile kifaa cha darini kinacholia kikihisi moshi. Hapa haipo, na mlango wa daka u wazi kutwa. Lakini ikanirudia Idi ya mwaka juzi kule Leicester, na nawahadithia kwa kuwa najua si nyumba yangu peke yake.

Wageni walikuwa njiani, nimefukiza sebuleni, alamu ya ukumbini ikaanza kulia. Mwanangu akapanda kiti, akaizungusha, akaitoa. Tukasema jioni tutairudisha. Ikakaa kwenye droo ya vijiko mpaka Ramadhani iliyofuata, na juu kumebaki kile kitako cheupe na matundu mawili ya skrubu. Usiku mmoja baada ya tarawehe nikaweka mafuta ya sambusa motoni, nikaketi kwenye kochi, usingizi ukanichukua. Kilichoniamsha ni kikohozi cha mtoto. Karai limeshika moto, kabati la juu linaungua. Alhamdulillahi sikumwagia maji, maana mafuta yanayowaka yakimwagiwa maji, moto hulipuka. Nilifunga mlango wa jikoni, tukatoka miguu mitupu, tukapiga 999, namba ya dharura ya kule, tukiwa nje.

England sheria inamtaka mwenye nyumba ya kupangisha aweke alamu ya moshi angalau moja kwa kila ghorofa inayokaliwa, na ahakikishe inafanya kazi siku mpangaji anapoingia. Tangu Oktoba 2022 ukimwambia imeharibika lazima aitengeneze au aibadilishe. Faini yaweza kufika pauni 5,000. Mwandikieni, msiishie kumwambia kwa mdomo. Lakini sheria hiyo haikunifaa kitu, kwa sababu alamu ilikuwepo na niliyeacha itolewe ni mimi. Alamu nyingi zina kitufe cha kuzinyamazisha kwa dakika chache. Bonyezeni hicho, fungueni dirisha, udi mfukize mbali nayo. Msiitoe.

Mama wa Leicester

—

Wa alaykum salaam dada, pole sana, na Mungu ashukuriwe.

Huku Scotland wametatua hili la jikoni. Tangu Februari 2022 kila nyumba, ya kupanga au ya mwenyewe, yatakiwa iwe na alamu ya moshi sebuleni, nyingine kwenye kila ukumbi na kila ngazi inapoishia juu, na jikoni alamu ya joto. Hiyo ya joto haijali moshi wa chapati, inangoja joto lipande. Na zote zimeunganishwa: ikilia ya jikoni, na ya juu kwa watoto inalia. Hata kama sheria ya mji wenu haiwalazimishi, inunueni. Na mtazame tarehe iliyoandikwa nyuma, nyingi maisha yake ni miaka kumi.

Ndugu yenu, Glasgow

—

Jamani, mimi nimesharudi Malindi moja kwa moja, nimekuja na mbili za betri. Nyumba yangu baraza ni makuti, na msimu wa kaskazi makuti yakikauka cheche moja yatosha. Swali langu: niitundike wapi? Barazani nilijaribu, vumbi la makuti na wadudu vikaingia ndani yake, ikawa inalia ovyo usiku.

—

Kaka wa Malindi, barazani iondoe, moshi wa makuti unatoroka kabla ya kuifikia. Tundika kwenye dari ya ukumbi wa vyumba vya kulala, na nyingine chumbani kwa watoto. Vumbi lipanguse kwa brashi laini. Barazani kinachofaa ni pipa la maji lililojaa na ngazi iliyo karibu, na jiko la makaa likae mbali.

Kuhusu makaa nina neno kwa walio Ulaya, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Baridi ikizidi tunafunga madirisha, kisha tunawasha makaa ndani kwa ajili ya udi, au tunaacha jiko lipashe chumba. Makaa yanatoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu inayoua, haina harufu wala rangi, na alamu ya moshi haiitambui. Mtu anaumwa kichwa, anasema ni uchovu, analala. Alamu yake ni nyingine, na England mwenye nyumba analazimika kuiweka tu penye kifaa kama boila, mtambo wa kupashia maji, si kwa sababu ya chetezo chako. Makaa yawasheni nje na yabaki nje. Udi wa ndani tumieni chetezo cha umeme.

Leo asubuhi nilimpigia mwanangu Leicester, nikamwambia abonyeze kitufe cha kujaribia huku simu iko wazi. Mama aliisikia akiwa kisimani, akauliza ni nini kinalia.

Mama wa Leicester