Nataka kiti cha MCA (mjumbe wa wadi kwa bunge la kaunti, Kenya) 2027 na siahidi barabara hata moja, nipingeni

Wadau, naingia moja kwa moja. Kura ni tarehe 10 Agosti 2027 na mimi nimeamua kusimama kama mgombea huru kwa wadi yetu. Juzi niliitwa baraza la wazee, swali la kwanza likawa, utatujengea barabara gani? Nikasema hakuna. Mzee mmoja akachukua kofia yake akaenda zake. Toka siku hiyo simu haipoi, ati nimejiua kisiasa hata kampeni haijaanza, sasa acha tulijadili hapa mbele ya kila mtu.

Hoja yangu ni hii. MCA hana greda, hana tenda, hana akaunti ya kulipa kontrakta. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, inamkataza kabisa kuingilia kazi za utendaji, hiyo ni ya gavana na mawaziri wake. Kazi ya MCA ni kupitisha sheria, kupitisha bajeti na kumchunga gavana. Kwa hivyo anayekuja kwako na ahadi ya lami, au hajui kazi anayoomba au ashaongea na kontrakta, na mimi naogopa huyo wa pili zaidi.

Barabara huwa inafia kwa karatasi mapema sana, wakati hakuna mtu anaangalia. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bunge la kaunti kufikia Septemba mosi. Februari inakuja ile karatasi ya mikakati ya fedha, inayopanga pesa itaelekea wapi, Aprili 30 makadirio ya bajeti, na Juni mwaka wa fedha umeisha. Kama daraja lenu halikuwa kwa ule mpango wa Septemba, basi hata MCA akilia na damu mwezi wa tano ni kujisumbua tu. Na sheria ya usimamizi wa fedha za umma inasema angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo, MCA akilala hiyo pesa inageuka safari na vitafunio vya mikutano.

Mimi nishakaa kwa kikao cha maoni ya wananchi, watu kama themanini, kitabu cha bajeti kimoja na kimeshikwa na ofisa. Tukapewa soda, tukasaini rejista, tukaenda nyumbani. Hiyo saini ndio ikaandikwa wananchi walishirikishwa. Mkinichagua, ukurasa wa wadi yetu nitautoa kwa kila karatasi, niuweke kwa Kiswahili, nibandike sokoni na kanisani na msikitini, wiki mbili kabla ya kikao. Tenda sitagusa, wala yangu wala ya shemeji.

Haya, nipigeni.

Jibu:
Mheshimiwa mtarajiwa umeongea kama wakili lakini sisi hatukai kwa vifungu. Mvua ikinyesha huku boda hazipiti, mgonjwa anabebwa kwa mgongo mpaka lami. MCA tuliye naye hajui kifungu cha 9 wala cha 90 lakini greda ilikuja tukaiona na macho. Na tukifiwa yeye hufika, na bahasha. Wewe utakuja matangani na karatasi ya mikakati ya fedha tuipike?

Mwenye mada:
Hiyo ya matanga nimecheka, na nitakuja, lakini kama jirani. Sasa nikuulize, hiyo greda ilikuja mwezi gani? Mimi nakumbuka ni karibu na kura, ikakwangua juu juu bila mtaro, marram yote ikashuka mtoni na masika. Barabara bila mtaro ni kupaka poda. Kama kulikuwa na MCA wa kuuliza michoro iko wapi na nani alitia saini kwamba kazi imeisha, ungekuwa unapita saa hii. Alikuwepo, lakini alikuwa anapiga picha na dereva wa greda.

Jibu:
Mimi sina shida na hoja, shida yangu ni hesabu. Mgombea huru anahitaji wapiga kura 500 wa wadi wamuunge mkono, sawa, hao utapata. Ukifika ndani je? Nafasi za kamati zinagawanywa na vyama, kiranja wa chama akishasema pigeni ndiyo wote wanapiga ndiyo. Kumtoa gavana ni theluthi mbili ya wajumbe wote, na hata hapo Seneti ndio inaamua. Gavana wa Meru alifikishwa Seneti mara tatu ndipo akatolewa Agosti 2024. Hiyo ni kazi ya watu wengi waliokubaliana, haikuwa ya mtu mmoja aliyesoma sana. Utakuwa unapiga kelele peke yako miaka mitano na wadi inanyimwa miradi kwa sababu yako.

Mwenye mada:
Hapo umenigonga na sitajifanya haijauma. Kunyimwa miradi inaweza kutokea, wadi nyingi zimeonyeshwa cha moto kwa sababu ya MCA mkaidi. Ninachojua ni kwamba Katiba kifungu cha 195 inapatia kamati yoyote ya bunge la kaunti nguvu za kuita mtu kama Mahakama Kuu, na kamati nyingi hazitumii hiyo nguvu juu wajumbe hawajasoma ripoti ya Msimamizi wa Bajeti, ile ofisi inayofuatilia matumizi ya serikali. Mtu mmoja aliyesoma anaweza kuwaaibisha wengine kidogo. Kidogo tu, siahidi zaidi.

Jibu:
Mwanangu mimi nauza mboga soko la hapa chini na sijaelewa yote mmesema. Ushuru wetu umepanda, choo hakina maji, taa ya mulika mwizi imezima tangu mwaka jana. Nikiuliza askari wa kaunti anasema ni sheria. Hiyo sheria nani aliitunga?

Mwenye mada:
Mama, heshima yako. MCA ndio waliipitisha. Kila mwaka kuna mswada wa fedha wa kaunti, ndani yake kuna ushuru wa soko, leseni ya duka, parking, kila kitu. 2024 vijana waliingia barabarani kwa ule mswada wa fedha wa serikali kuu mpaka rais akakataa kuutia saini, lakini wa kaunti unapita na hakuna hata anayekohoa. Kura yangu itakuwa hapana kwa nyongeza yoyote ya soko mpaka maji yarudi kwa choo. Hiyo ndio ahadi naweza kutimiza kwa mkono wangu.

Jibu:
Kumbe. Miaka yote hii tulikuwa tunamtukana askari. Basi huo mswada wa mwaka huu uchapishe uulete sokoni Jumatano, utusomee pale penye ushuru, wa kitunguu na wa viazi wote wasikie, ndio nijue kama wewe ni wa kweli. Na tafadhali usikuje na tishati, tunazo mpaka za kupangusa meza.